Kunywa chuoni, kusoma darasani: habari iko wapi?

SWALI: Habari ya kazi, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uanahabari katika chuo kimoja cha umma hapa Nairobi. Tumepewa wiki tano kuandika makala ndefu. Nina mawazo mawili: kwamba wanafunzi wa vyuo wanakunywa pombe kupita kiasi, na kwamba hawasomi kazi wanazopewa na wahadhiri kabla ya kuja darasani. Mhadhiri wangu ameyarudisha yote mawili akisema hizo si habari. Anataka nini? Naweza kuyaunganisha, nionyeshe kwamba hawasomi kwa sababu wanakunywa? Tena nina picha nilizopiga kwenye sherehe ya kufungua muhula. Naweza kuzitumia?

JIBU: Mwanangu, mhadhiri wako hakuyakataa mawazo yako, amekataa jinsi ulivyoyaweka. Ulichompelekea ni hukumu mbili ambazo kila mtu mjini tayari anazo. Mzazi aliye Kitengela anazo, mhubiri anazo, makanga wa Thika Road anayewabeba wanafunzi Ijumaa usiku anazo. Makala ikianza na hukumu, kazi yote ya nje inageuka kuwa kutafuta watu wa kuithibitisha, na watu hao hukosi. Simama nje ya baa saa tano usiku, utapata walevi. Simama mlangoni mwa darasa saa mbili asubuhi, utapata asiyefungua kitabu. Utarudi na nukuu tele, na hutakuwa umejua jambo hata moja ambalo hukulijua ulipotoka.

Anachotaka ni swali ambalo wewe mwenyewe hujui jibu lake, na ambalo jibu lake linapatikana kwa miguu, macho na hesabu ndogo ndani ya wiki tano.

Tuanze na pombe. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, Wesley Perkins na Alan Berkowitz, walichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi wa chuo mambo mawili: wewe mwenyewe una msimamo gani kuhusu unywaji, na unadhani wenzako wana msimamo gani? Majibu hayakulingana. Wengi waliamini kwamba wenzao wamelegea zaidi kuliko walivyokuwa kweli. Tafiti nyingi zilizofuata huko zilikuta pengo la aina hiyo hata katika kiasi kinachonywewa. Jambo hili lina uzito wake. Kijana anayejiona ni yeye peke yake asiyependa kulewa huenda amekaa katikati ya wenzake wanaojiona vivyo hivyo, na wote wanaendelea kunywa kwa kuogopana.

Hilo lilionekana Marekani. Je, liko kwenye hosteli yenu? Hapo ndipo penye swali. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ulikadiria kwamba Mkenya mmoja kati ya wanane, wa umri wa miaka 15 hadi 65, alikuwa anatumia pombe wakati huo. Takwimu hiyo ni ya nchi nzima, si ya vyuo, kwa hiyo usithubutu kuibandika kwa wanafunzi. Lakini inatosha kukufanya ushtuke kila unaposikia mtu akisema "kila mtu anakunywa". Nani huyo kila mtu? Nani amemhesabu?

Unaweza kuhesabu kidogo wewe mwenyewe, kwa vikaratasi na sanduku la viatu. Mwombe mhadhiri wa darasa kubwa dakika tano mwanzoni mwa kipindi. Kila mmoja aandike, bila jina, majibu ya maswali mawili: katika siku 30 zilizopita ulikunywa pombe siku ngapi? Unadhani mwanafunzi wa kawaida wa darasa hili alikunywa siku ngapi? Waambie wazi kwamba sifuri ni jibu, na kwamba asiyetaka kujibu atumbukize karatasi tupu. Wape wote kalamu za rangi moja, maana mtu akihofia kutambuliwa kwa wino wake atadanganya. Ukimaliza, panga majibu ya kila swali kutoka dogo hadi kubwa na uangalie lililo katikati. Hilo la katikati litakuambia zaidi kuliko wastani, kwa sababu mtu mmoja aliyeandika 30 anaweza kuupotosha wastani wa darasa zima.

Kisha uwe mwaminifu katika kuandika. Waliojibu wakiwa 94, andika "wanafunzi 94 wa darasa moja". Usiandike "wanafunzi wa Nairobi", wala usikimbilie asilimia ili ionekane utafiti mkubwa. Waliokosa kipindi siku hiyo hawamo, na labda ndio waliolala na hangova. Liseme hilo ndani ya makala yenyewe.

Ukitaka maswali ya kina zaidi, usiyatunge. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali kumi liitwalo AUDIT, na napenda Wakenya walijue, kwa sababu Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi sita ambamo lilitayarishwa, pamoja na Marekani, Australia, Norway, Bulgaria na Mexico. Si chombo cha kigeni kilicholetwa kutupima kwa kipimo cha wengine. Alama nane kwenda juu huonyesha unywaji wenye hatari. Wewe si daktari, kwa hiyo usimpe mtu alama zake wala usizichapishe, lakini maswali yenyewe yatakufundisha namna ya kuuliza bila kumhukumu anayejibu.

Hapa nataka tukae kidogo kwenye chupa, kwa sababu ndipo waandishi wengi wanapoteleza. Ukimuuliza mwanafunzi "ulikunywa ngapi?" akajibu "mbili tu", bado hujaambiwa kitu. Mbili za nini? Chukua bia ya mililita 500 yenye alkoholi asilimia 5. Humo mna mililita 25 za alkoholi tupu, ambazo uzito wake ni takriban gramu 20. Kinywaji kimoja katika hesabu za AUDIT ni gramu 10, kwa hiyo bia hiyo moja tayari ni vinywaji viwili. Sasa chukua ile chupa ndogo ya mililita 250, robo, inayoingia mfuko wa nyuma wa jinzi. Ikiwa ni ya asilimia 40, ina mililita 100 za alkoholi, yaani karibu gramu 79. Hiyo ni kama bia nne. Na mzinga wa mililita 750 una mara tatu ya hizo.

Kwa hiyo wasichana watatu wakikuambia "tuligawana mzinga mmoja tu, wala hatukulewa sana", kila mmoja alikunywa kama bia nne kubwa. Vijana wakisema "nilikuwa na robo tu", kiasi hicho kimepita kile ambacho uchunguzi mashuhuri wa Harvard ulioongozwa na Henry Wechsler katika miaka ya 1990 ulikiita unywaji wa kupindukia: vinywaji vitano katika kikao kimoja kwa mwanamume, vinne kwa mwanamke, kwa kipimo cha Marekani cha gramu 14 kila kimoja. Vitano ni gramu 70. Robo ni 79. Hesabu hii haihitaji ruhusa ya mtu wala bajeti. Nenda kwenye duka la pombe lililo karibu na geti lenu, soma lebo, andika bei, ukubwa na asilimia ya kila chupa iliyo kwenye rafu ya chini, kisha upige hesabu ni shilingi ngapi zinanunua gramu 10 za alkoholi. Linganisha bia na robo. Naamini utaona kwa nini robo ndiyo inayotoka haraka, na utakuwa umemwonyesha msomaji jambo ambalo maneno "vijana wamepotoka" hayawezi kamwe kumwonyesha.

Upande wa muuzaji haujaandikwa vya kutosha, na mimi ningependa kuusoma. Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, ile watu wanayoiita Sheria ya Mututho, ilihalalisha chang'aa iliyotengenezwa kwa viwango, ikapiga marufuku pombe za pakiti, ikaweka saa za baa kuuza kuwa kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Umri wa chini ni miaka 18. Mwezi Julai 2025 sera mpya ya taifa ilipendekeza upandishwe hadi 21, na mauzo ya mtandaoni na ya kupelekewa nyumbani yapigwe marufuku. Kumbuka kwamba sera si sheria. Lakini fikiria maana yake kwenye vyuo: wengi wa mwaka wa kwanza na wa pili wangekuwa wanunuzi haramu kwa siku moja. Mwenye duka la Kahawa Wendani, la Juja au la Ngara ana maoni gani? Ni sehemu gani ya mauzo yake ingeondoka? Mtu wa bodaboda anayepeleka chupa hosteli saa saba usiku je?

Sasa picha zako. Usizitumie. Mtu aliyelewa hawezi kukupa idhini, hata akikukumbatia na kukuambia "piga, piga". Idhini inaombwa kesho yake mchana, akiwa timamu, akiambiwa itachapishwa wapi, na akijua kwamba mwajiri anaweza kuiona miaka kumi ijayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawapa wanahabari nafasi katika kifungu cha 52, lakini kwa masharti: uchapishaji uwe na maslahi kwa umma na ufuate maadili ya taaluma. Uso wa msichana aliyelala kwenye ngazi za hosteli hauna maslahi yoyote kwa umma. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Kabla ya faini lakini, mwanangu, kuna ubinadamu. Baadhi ya hao wa mwaka wa kwanza hawajatimiza hata miaka 18, na kisheria ni watoto. Na ukikutana na mtu anayekuambia kwamba hawezi tena kuacha, weka daftari chini. Mpe nambari 1192, ya NACADA, ambayo kuipiga ni bure, na umsindikize kwa mshauri wa wanafunzi akikubali. Makala itangoja.

Tuje kwenye kusoma. Hapa nina furaha zaidi, nitakuambia kwa nini.

Kwamba wanafunzi hawasomi walichopewa si ugonjwa wa kizazi chenu wala wa Kenya. Mwaka 2000 Burchfield na Sappington walichapisha nchini Marekani matokeo ya majaribio ya kushtukiza yaliyokusanywa kwa miaka mingi, wakakuta kwamba siku yoyote ile takriban theluthi moja tu ya wanafunzi ndio waliokuwa wamesoma. Hapo simu za kisasa hazijafika. Kwa hiyo ukiandika "hawasomi" utakuwa umechelewa, na ukisingizia TikTok utakuwa umekosea tarehe. Swali lililo hai ni jingine: kama hawasomi kitabu, wanasoma nini? Maana mitihani wanafanya, na wengi wanapita. Kuna kitu kinasomwa. Kinatoka wapi, nani anakitengeneza, kinagharimu kiasi gani, na nani anabaki nje?

Chagua kozi moja, wiki moja, sura moja iliyoandikwa kwenye muhtasari wa kozi. Ifuate hiyo sura tangu mhadhiri alipoitaja mpaka siku ya kipindi. Anza maktabani. Kitabu kipo? Nakala ngapi, kwa wanafunzi wangapi waliojiandikisha? Kifungue nyuma. Vitabu vingi vya zamani bado vina ile karatasi iliyobandikwa, yenye mihuri ya tarehe za kurudisha. Soma mihuri hiyo kama unavyosoma taarifa ya benki: miaka gani kiliazimwa mara kwa mara, mwaka gani mihuri ilikoma. Halafu muulize mkutubi kama ilikoma kwa sababu watu waliacha kusoma au kwa sababu kompyuta ilichukua kazi ya muhuri. Usidhani, uliza.

Muulize pia kuhusu majarida ya kielektroniki. Vyuo vyetu vingi hulipia kwa pamoja kupitia muungano wa maktaba uitwao KLISC. Wangapi darasani kwenu wanajua nywila ya kuingilia wakiwa nyumbani? Hilo nalo ni swali la kikaratasi.

Toka maktabani uende kwenye kioski cha fotokopi. Kaa hapo asubuhi nzima, na umwambie mwenye kioski wewe ni nani na unafanya nini. Utaona faili zilizoandikwa namba ya kozi kwa kalamu ya wino mzito, utaona kurasa ambazo mgongo wa kitabu umemeza neno la mwisho la kila mstari. Angalia vizuri mistari ya penseli chini ya sentensi. Hiyo ilipigwa na mwanafunzi fulani miaka ya nyuma kwenye kitabu asilia, ikanakiliwa pamoja na maneno, na sasa darasa zima linasoma kile ambacho mtu wasiyemjua aliona ni muhimu. Mimi ningefungulia makala hapo. Waulize wanaonunua: umenunua sura yote au kurasa nne? Nani alikuambia hizo nne zinatosha? (Ukifika msimu wa mitihani utaona pia maandishi yakipunguzwa mpaka yatoshe kwenye kiganja. Mwakenya, hivyo vikaratasi vya kuibia mtihani, ni habari nyingine kabisa, usiifuate sasa.)

Mlinde mwenye kioski. Kunakili vitabu vizima kunagusa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na Kenya kuna chama, KOPIKEN, kinachosimamia leseni za kunakili kazi zilizochapishwa. Ukitaja kioski chake na mahali kilipo unaweza kumfungia riziki. Zungumza na mhariri wako kabla hujaahidi kuficha jina, na ukishaahidi, timiza.

Kutoka kioski nenda kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Sura ilitumwa lini kama PDF? Nani aliipiga picha ukurasa kwa ukurasa? Kuna mwanafunzi mmoja katika kila darasa anayefupisha kwa ajili ya wote, mara nyingi ni msichana, mara nyingi hakuna anayemlipa wala kumshukuru. Mtafute huyo. Ukimpata, umepata mtu wa makala yako. Keti naye anapofupisha, angalia anaacha nini na anabakiza nini, kisha siku ya kipindi sikiliza darasani ni maneno yake mangapi yanarudi vinywani mwa wenzake.

Halafu nenda kwa wahadhiri. Usiwaendee kama washtakiwa wala kama waamuzi. Mgomo wao wa 2025 ulifunga madarasa ya vyuo vya umma kwa siku 49. Muhula ukibanwa hivyo, je, orodha ya kusoma ilipunguzwa, au ilibaki vilevile na kila mtu akajua kimyakimya kwamba haitasomwa? Anayefundisha kwa mkataba katika vyuo viwili hupata wapi muda wa kusahihisha muhtasari wa sura kwa watu mia mbili? Yeye mwenyewe, mara ya mwisho kubadilisha orodha hiyo ilikuwa lini?

Kuhusu kuunganisha mawazo yako mawili kwa "kwa sababu", nakukataza kabisa. Unaweza kuongeza swali la tatu kwenye vikaratasi vyako, kwamba wiki hii ulisoma ulichopewa au hukusoma, na ukaona kama wasiokunywa wanasoma zaidi. Hata ukiona hivyo, hujui kipi kilileta kipi, au kama kuna jambo la tatu nyuma ya yote mawili. Anayepanda matatu mbili kutoka Utawala, akifanya kazi ya kuuza simu jioni kwa sababu mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, haujaingia, anaweza asiwe amesoma na asiwe amegusa tone. Ukimweka kwenye makala ya ulevi umemdhulumu. Na anayekunywa kila Ijumaa huenda ndiye aliyemaliza sura. Huenda pia usimpate, lakini mtafute kwa bidii ileile unayomtafutia yule anayeunga mkono wazo lako.

Umeniuliza kwa njia ya mbali nichague. Ningechukua kusoma. Pombe ina waandishi wengi na taarifa nyingi za wakubwa, na kwa wiki tano utaishia kurudia maneno yao. Sura moja inayosafiri kutoka rafu ya maktaba mpaka kwenye simu yenye kioo kilichopasuka ni jambo ulilolikalia karibu, hakuna mhariri wa gazeti anayeweza kulifikia kama wewe. Ile hesabu ya robo itunze, itakufaa kwa makala fupi muhula ujao.

Kesho asubuhi, kabla ya lolote, andika barua mbili. Ya kwanza kwa mkutubi mkuu, ukiomba idadi ya nakala na idadi ya maazimo ya vitabu vya kozi uliyochagua kwa miaka mitano iliyopita. Taja Kifungu cha 35 cha Katiba na sheria ya 2016 ya haki ya kupata habari, inayoipa taasisi ya umma siku 21 kukujibu. Wewe una wiki tano, kwa hiyo barua ikienda wiki ya tatu imekwenda bure. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ya pili mwandikie mhadhiri ambaye kozi yake utaifuata, umwambie unachofanya na lini utarudi kwake na matokeo. Rudi kweli, wiki moja kabla ya kukabidhi kazi, ukiwa na karatasi zako mkononi, na umpe nafasi ya kukujibu hoja moja baada ya nyingine.